Hila Njema na Mzigo wa Mwenzio

Napenda, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya jambo lililo mikononi mwetu kutwa kucha, na kwa kuwa liko mikononi hatulioni. Nalo ni vile vyombo vidogo vidogo vinavyoturahisishia kazi: kisu, shoka, mtaimbo, toroli, roda ya kisimani, jiwe la kusagia, mbuzi ya kukunia nazi.

Huenda mtu akauliza: sheikh na mtaimbo, wapi na wapi? Hayo si mambo ya mafundi? Nami nasema kuwa ufundi wake ni wa mafundi, lakini uadilifu wake ni wetu sote. Kwani kila kazi inapopungua uzito, pana suala la kuuliza: uzito ule umekwenda wapi? Umeondoka kweli, au umehamia kichwani mwa mtu mwingine? Wahenga wetu walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakuisema methali hiyo kwa kutusifu. Waliisema kwa kutuumbua, maana mzigo ukiwa kichwani mwa mwenzetu, hata ukiwa wa mawe, sisi huuona wa usufi.

Mtaimbo na mizani yake

Kwanza na tukifahamu chombo chenyewe. Chukua jiwe la kilo 80 lililokaa katikati ya shamba. Mtu mmoja hawezi kulibeba akafika nalo mbali. Lakini akitia mtaimbo chini yake, akaweka kijiwe cha kuegemea, ikawa upande wa jiwe ni robo mita na upande wa mikono yake ni mita 1 nzima, basi atalinyanyua kwa nguvu ya kunyanyulia kilo 20 tu. Mtoto akiona hudhani ni miujiza. Si miujiza. Itazame mikono yake: jiwe likipanda sentimita 5, mikono imeshuka sentimita 20. Alichopunguza katika nguvu amekilipa katika mwendo.

Vyombo vyote vya namna hii ni hivyo hivyo. Toroli ni mtaimbo uliotiwa gurudumu: mzigo wa kilo 60 ukikaa sentimita 40 kutoka kwenye gurudumu, na mikono ikashika mbali zaidi, sentimita 120, basi mikono huhisi kilo 20, na zilizobaki huchukuliwa na gurudumu. Shoka na kisu ni kabari. Parafujo ni mteremko uliozungushwa juu ya chuma. Roda moja iliyofungwa juu ya kisima haipunguzi uzito wa ndoo, bali hugeuza upande wa kuvuta, mtu akavuta kwenda chini kwa uzito wa mwili wake badala ya kuinama na kuuumiza mgongo. Ikiongezwa roda ya pili inayopanda pamoja na mzigo, uzito hugawika nusu, na kamba huvutwa maradufu. Mabaharia wetu walilijua hili tangu zamani: foromali ya jahazi pamoja na tanga lake haipandishwi mlingotini kwa ubavu mtupu, bali kwa henza iliyopitishwa katika gofia.

Hata barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ni chombo cha namna hii. Mombo iko bondeni, na Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; tofauti ya vimo vyao ni karibu na mita 1,000. Mwenye haraka na miguu ya mbuzi aweza kushika njia ya mkato akapanda wima. Gari haliwezi. Ndiyo sababu barabara huzunguka ubavuni mwa mlima, ikapita Soni, kona baada ya kona, kwa mwendo wa yapata kilomita 33 mpaka mjini. Kila kona ni malipo: tumeongeza mwendo ili tupunguze ukali wa kupanda.

Katika Sura ya Rahman Mwenyezi Mungu ametaja kuinuliwa kwa mbingu na kuwekwa kwa mizani, kisha akatukataza tusiipite mizani hiyo. Nami nikiutazama mtaimbo naiona mizani ile. Hakuna chombo kiumbacho nguvu kutoka si kitu. Kila wepesi umelipiwa mahali. Na uzuri wa mtaimbo ni kuwa mkono uliopata wepesi ndio mkono uliolipa mwendo: anayefaidika ndiye anayelipa. Huo ndio uadilifu wake. Dhulma huanza pale ambapo mmoja anapata wepesi na mwingine analipa.

Neno hila

Waarabu wa zamani waliiita elimu ya vyombo hivi elimu ya hiyal, yaani hila. Na neno ni lile lile tulilolichukua sisi katika Kiswahili. Katika karne ya 9, huko Baghdad, ndugu watatu, wana wa Musa bin Shakir, waliandika Kitabu cha Hila, wakaeleza ndani yake vyombo vipatavyo 100. Na mwaka 1206, katika mji wa Diyarbakir, al-Jazari alimaliza kitabu chake mashuhuri cha vyombo 50, na miongoni mwa hivyo vimo vya kupandisha maji kutoka chini kwenda juu kwa magurudumu yenye meno. Hawa walikuwa Waislamu, watu wa elimu na wa daraja, wala hawakuona kuwa kuutua mzigo wa maji ni jambo duni lisilostahili akili ya msomi.

Lakini sisi tukisema fulani ni mtu wa hila, hatumsifu. Hata mafakihi wana mlango wa hila, nao ni pale mtu anapoipindapinda sheria ili aikwepe haki iliyo juu yake. Basi neno ni moja na makali yake yako pande mbili. Hila njema hulihadaa jiwe. Hila mbaya humhadaa mwanadamu. Hila njema huuondoa mzigo. Hila mbaya huuficha, ukabebwa na mtu asiyeonekana. Tangu hapa, ndugu msomaji, tuishike tofauti hii, maana ndiyo kipimo chetu.

Je, wepesi ni uvivu?

Wako wazee wasemao kuwa vyombo vimewaharibu vijana, kwamba bibi zetu walitwanga na kusaga wakaishi miaka mingi, na kwamba taabu humjenga mtu. Wazee wana heshima yao, na kwa yakini kazi humjenga mtu. Lakini taabu haiwi ibada kwa kuwa ni taabu tu. Imepokewa kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) kila alipopewa hiari baina ya mambo mawili, alilichagua lililo jepesi, maadamu si la dhambi. Na katika mwaka wa 5 wa Hijra, Madina ilipotishwa na makundi ya maadui, Salman Mfursi (r.a.) alitoa shauri la kuchimba handaki, desturi aliyoijua kwao Uajemi. Mtume hakuikataa kwa kuwa imetoka kwa watu wengine. Aliikubali, akachimba kwa mikono yake pamoja na sahaba zake, na walipokutana na mwamba mgumu yeye ndiye aliyeshika sururu.

Kuna hadithi nyingine ambayo kila mchinjaji anaijua, aliyoipokea Shaddad bin Aws (r.a.), ikatiwa na Imamu Muslim katika Sahihi yake. Ndani yake tumeamrishwa kufanya wema katika kila kitu, hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji akinoe kisu chake na ampunguzie mnyama taabu. Hebu tuizingatie. Kisu ni kabari nyembamba. Kikinolewa, nguvu kidogo yatosha. Sheria imetuamrisha tukitengeneze chombo vizuri kwa ajili ya mbuzi ambaye baada ya kitambo kidogo hatakuwa hai. Basi ikiwa hiyo ndiyo haki ya mbuzi juu yetu, ni ipi haki ya mwanadamu tuliyempa jembe butu na panga butu, kisha tukamwambia fanya haraka?

Tena iko habari ya Bibi Fatma (r.a.). Mikono yake iliumia kwa jiwe la kusagia, naye akasikia kuwa baba yake ameletewa mateka. Akaenda kuomba mtumishi, asimkute, akamwachia Bibi Aisha (r.a.) habari zake. Usiku Mtume (s.a.w.) akawajia yeye na Sayyidna Ali (r.a.) wakiwa wamekwisha lala, akawafundisha kumsabihi Mwenyezi Mungu mara 33, na kumhimidi mara 33, na kumkabiri mara 34, akawaambia kuwa hilo ni bora kwao kuliko mtumishi.

Hadithi hii aghalabu husomewa wanawake peke yao, ili wavumilie. Sisi wanaume nasi tuisome. Kwanza, Mtume hakumwambia binti yake kuwa maumivu ya mikono yake si kitu. Alimwendea mwenyewe, usiku ule ule. Pili, katika riwaya nyingine imeelezwa kuwa hakuweza kumpa yeye na kuwaacha watu wa Suffa, mafakiri wa msikitini, matumbo yao yamekunjana kwa njaa. Yaani aliinyima nyumba yake ili maskini wapate, wala hakuinyima ili yeye mwenyewe astarehe. Tatu, Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Na imepokewa kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi mume anayeichukua tasbihi ya Bibi Fatma akampa mkewe, na aichukue na sindano ya Mtume akaishika yeye.

Waya wa Shume

Sasa turudi milimani, kwani historia ya Usambara inatuonyesha vizuri jinsi hila njema ya chuma inavyoweza kukaa pamoja na hila mbaya ya watu.

Zamani za misafara, bidhaa zilizopita bonde la mto Pangani zilikwenda juu ya mabega na vichwa vya wapagazi. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea kufuata bonde chini ya milima. Hapana shaka reli iliwatua wapagazi mizigo mizito. Huko juu, katika uwanda wa Shume, palikuwa na msitu wa miangati, miti yenye mbao za harufu nzuri zilizotakiwa sana. Kampuni ya Wilkins na Wiese ikaanza kuupasua msitu ule. Lakini gogo litashukaje kutoka kwenye kilele mpaka relini? Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ikajengwa njia ya waya, yapata kilomita 9, kutoka juu msituni mpaka stesheni ya Mkumbara, ikipita juu ya makorongo na majabali. Kwa mtazamo wa ufundi ilikuwa kazi ya kustaajabisha: kamba za chuma na magurudumu yake. Katika njia za namna hiyo mzigo unaoshuka husaidia kuvivuta vigari vitupu vinavyopanda, kama mtu anayemshika mwenziwe mkono.

Lakini katika miaka hiyo hiyo lilitokea jambo jingine. Mwaka 1907 wilaya hii, ambayo wakati huo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ililetewa kadi za kazi. Kila mwanamume mwenyeji alilazimishwa kumfanyia kazi mwajiri, kwa ujira uliokwisha pangwa, siku 30 katika kila miezi 4. Yaweke mambo haya mawili pamoja, ndugu msomaji, uyatazame. Gogo lilipata waya. Mtu akapata kadi. Akili kubwa ilitumika ili mti ushuke kwa wepesi, na nguvu kubwa ikatumika ili mtu asiwe na hiari. Na mama wa Shume aliyetazama magogo yakipita hewani juu ya kichwa chake, kuni zake yeye zilibaki juu ya kichwa hicho hicho.

Waya ule haupo kazini tena, na anayetaka kumlaumu Mjerumani na amlaumu, ana haki. Lakini tusikomee hapo. Ni rahisi kuiona dhulma ya mtu aliyekwisha ondoka zake. Kazi ngumu ni kuiona ile iliyokaa nasi mezani.

Mama wa mlimani na jiko la pwani

Leo Lushoto na vijiji vyake, Soni, Mlalo, Bumbuli na vinginevyo, ni bustani ya mboga na matunda. Kabichi, karoti, nyanya, viazi, mapea, hupakiwa malori yakashuka kwenda Tanga na Dar es Salaam. Lakini lori husimama barabarani. Na kutoka shambani, lililo kwenye ubavu wa mlima, mpaka barabarani, mzigo una chombo kimoja, nacho mara nyingi ni kichwa cha mwanamke. Kadhalika kuni. Kadhalika maji kwa wale wasiofikiwa na bomba. Tufanye hesabu ndogo: dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Nyumba inayotumia madumu 5 kwa siku, mama na binti wamebeba kilo 100. Katika mwezi wa siku 30 ni tani 3. Tani 3 za maji, juu ya shingo mbili!

Kisha fedha za kabichi zinapopatikana, chombo gani hununuliwa kwanza? Mara nyingi ni cha baba: simu mpya, redio, au amana ya pikipiki. Simsemi mtu, wala vitu hivyo si haramu, na pikipiki imewafikisha wagonjwa wengi hospitalini. Lakini naona kuwa nyumba hupimwa kwa chombo chake cha kwanza. Ikiwa shingo mbili zinabeba tani 3 kila mwezi, na fedha imekwenda kuwarahisishia masikio, basi mizani hapo imepinduka.

Atasema mtu: toroli halipandi njia zetu, ni za mbuzi. Ni kweli. Gurudumu lisilo na njia ni mzigo juu ya mzigo. Kwa hivyo chombo cha kwanza cha mlimani ni njia yenyewe, iliyokatwa kwa kuzunguka kama ile barabara ya Soni. Na hiyo haihitaji fedha nyingi, yahitaji majembe na msaragambo, ile kazi ya pamoja waijuayo watu wa Tanga na Upare. Nasi tumefundishwa kuwa kuondoa njiani kitu chenye kuudhi ni tawi mojawapo la imani. Ikiwa kuondoa mwiba ni imani, kuipunguza ukali njia inayopitwa na mama zetu wenye mizigo kutakuwa nini? Wala maskini asiseme kuwa vyombo ni vya matajiri. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu wamejichongea chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili lisilo na pedali, nalo hubeba viazi, makaa na saruji kwa mamia ya kilo.

Nawe msomaji wa pwani, uliye Tanga, Pangani, Mombasa au Unguja, usidhani kuwa mambo haya ni ya watu wa mlimani peke yao. Kabichi iliyo jikoni mwako imekwisha kupita kichwani mwa mtu. Na zaidi ya kabichi, wasichana wengi wanaofanya kazi za nyumbani katika miji ya Tanga na Dar es Salaam wametoka vijijini, wa milima ya Usambara wakiwamo. Tuseme kweli: katika nyumba zetu nyingi chombo kinachorahisisha kazi si toroli wala mashine ya kufulia. Ni binti wa watu. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anakuna nazi, anatwanga, anafua, anabeba mtoto, na analala wa mwisho. Nasi husema, alhamdulillahi, kazi za nyumba siku hizi ni nyepesi. Ni nyepesi kwa nani? Hapo ndipo kanda la usufi lilipo.

Tena wakati mwingine chombo kimo ndani na hakitumiki. Mashine ya kufulia imefunikwa kitambaa kwa kuwa umeme ni ghali, na mikono ya yule binti haina mita. Mashine ikipata moto huzimwa ipoe. Yeye akichoka huambiwa mvivu. Mashine tuliyoinunua tumeihurumia kwa sababu tumeitolea fedha. Mwanadamu aliyeumbwa na Mwenyezi Mungu hatukumhurumia kwa sababu amekuja kwa nauli ya basi. Hii ndiyo hila mbaya niliyoitaja: mzigo haukuondoka, umefichwa.

Na hukumu yake haina utata. Katika hadithi ya Abu Dharr (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe katika tunachokula na tuwavishe katika tunachovaa, tusiwakalifishe wasichokiweza, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Maneno haya yalisemwa juu ya watumwa, waliokuwa wamemilikiwa. Basi vipi kwa muungwana, binti wa Muislamu mwenzio au wa jirani yako, aliyekuja kwa ridhaa ya wazazi wake akiwa amana mkononi mwako? Na ujira wake je, unamfikia kwa wakati, au jasho hukauka likatoka tena jingine?

Lililo juu yetu

Iko hoja moja nisiyotaka kuiruka. Mtu atasema: chombo humwondolea mtu mzigo, lakini humwondolea na riziki. Likija winchi bandarini, hamali hukaa chini. Ikija mashine ya kusaga, aliyekuwa akitwangia watu kwa ujira hukosa. Hoja hii ni ya kweli. Wala sioni kuwa jibu lake ni kuvunja mashine tukamrudishia hamali gunia mgongoni. Jibu ni kurudi kwenye uadilifu wa mtaimbo: anayefaidika ndiye anayelipa. Mwenye mashine ambaye amepata faida kwa kuwa watu kumi hawahitajiki tena, watu hao wana haki juu yake kabla hajahesabu faida yake: awafundishe kazi nyingine, awatie katika biashara, awaanzishie mtaji. Asiyewakumbuka, mashine yake imewala.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kila unapotaka kununua chombo cha nyumba, au kumchukua mtu akusaidie kazi, jiulize mambo matatu. La kwanza: mzigo mzito kuliko yote nyumbani mwangu anaubeba nani? Umuulize mwenyewe, usimkisie, maana anayebeba ndiye ajuaye. La pili: chombo hiki kitamtua yeye, au kitamtua aliye mwepesi tayari? La tatu: wakati utakaookolewa utakuwa wa nani?

Hili la tatu ndilo zito. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ziko neema mbili ambazo watu wengi wamo katika hasara kwazo: afya na faragha. Na kila chombo chema, kiwe roda au kiwe mtambo mkubwa, mwisho wake huzaa vitu hivyo hivyo viwili: mgongo mzima na saa moja tupu. Baba akiokoa saa moja huijua la kuifanyia; ataketi barazani. Lakini binti akiokoa saa moja, mara nyingi huongezewa kazi nyingine, na chombo kikawa bwana mpya juu ya mabwana aliokuwa nao. Ikiwa roda imefungwa kisimani na binti hakupata nafasi ya kwenda chuoni akasoma Kur'ani yake, wala skuli akasoma vitabu vyake, wala kulala akapumzika kama walivyolala wengine, basi roda ile imemwokoa nani?

Anza na lililo karibu. Linoe panga la anayekufanyia kazi. Funga roda juu ya kisima. Ondoa kile kitambaa juu ya mashine. Mwite yule binti umuulize juu ya mgongo wake, na umpe saa yake, iwe yake kweli, asiitwe. Hayo yote hayamalizi mshahara wa mwezi. Na anayesema hana hata hayo, ana mikono miwili; na ashike upande wa pili wa ndoo.

Siku moja kila mmoja wetu atasimama na mzigo wake, wala hakuna mwenye mzigo atakayeubeba mzigo wa mwingine, na hapo hila zote zitakuwa zimekatika. Heri aliyezoea kuwatua wenziwe angali hapa duniani. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atufungue macho tuione mizigo ya wenzetu kwa uzito wake, na atupe akili ya kuiondoa, si ya kuificha. Amin.